Ini Ndilo Linaloamua Dozi

Kidonge kikishamezwa huyeyuka tumboni, dawa yake ikapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Damu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mkubwa unaoipeleka kwanza kwenye ini, na hapo sehemu ya dawa hugeuzwa hata kabla haijafika ilikotumwa. Kinachobaki ndicho kinachosambaa mwilini, na kila damu inapopita tena kwenye ini dawa huzidi kupungua. Kazi hii ya mwili ya kuigeuza dawa mpaka iweze kutoka huitwa umetaboli wa dawa. Ndiyo inayoamua kama kidonge kimezwe mara moja kwa siku au mara tatu, na kama kiasi kile kile kitamponya mtu, kitampita bure au kitamdhuru.

Sababu ya ini kuhangaika hivyo ni mafuta. Kuta za seli zimejengwa kwa mafuta, kwa hiyo dawa nyingi huundwa zikiwa na tabia ya mafuta ili ziweze kupenya. Figo nazo hutoa vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Dawa yenye tabia ya mafuta ikichujwa na figo hupenya tena na kurudi kwenye damu kabla ya kufika kwenye kibofu, na ikiachwa hivyo inaweza kuzunguka mwilini muda mrefu mno. Ini huivunja safari hiyo kwa hatua mbili. Kwanza kimeng'enya huichomekea dawa oksijeni, mfano wa fundi seremala anayetoboa tundu apate pa kufungia bawaba. Kisha kimeng'enya kingine hufunga mahali hapo kitu kinachopatana na maji, mara nyingi asidi inayotokana na sukari. Dawa iliyofungwa mzigo huo haiwezi tena kurudi nyuma. Huishia kwenye mkojo au kwenye nyongo.

Parasetamoli, ambayo karibu kila nyumba inayo, inaionyesha kazi hiyo vizuri. Yenyewe iligunduliwa upya kwa njia ya umetaboli: mwaka 1948 Bernard Brodie na Julius Axelrod, wakiwa New York, walionyesha kwamba dawa ya zamani ya maumivu iitwayo asetanilidi hugeuzwa na mwili kuwa parasetamoli, na kwamba hiyo parasetamoli ndiyo inayotuliza maumivu. Mtu akimeza vidonge viwili, sehemu kubwa hufungwa moja kwa moja kwenye ile asidi ya sukari au kwenye salfeti na kutoka bila madhara. Sehemu ndogo hupita njia nyingine na kugeuka kuwa sumu kali. Ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huidaka sumu hiyo papo hapo. Tatizo huja dozi inapozidi: njia za kawaida hujaa, sumu huongezeka, akiba huisha, na seli za ini huanza kufa. Mtu huyo anaweza kuamka kesho yake akiwa na kichefuchefu kidogo tu na kudhani amepona, huku ini lake likiendelea kuharibika siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, hulipa ini malighafi ya kutengenezea glutathioni mpya, na hufanya kazi vyema ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli pia, kwa hiyo anayezichanganya na Panadol anaweza kukivuka kikomo hicho bila kujua.

Kugeuzwa kwa dawa mwilini kulijulikana muda mrefu kabla ya vimeng'enya vyenyewe kujulikana. Mwaka 1842 mwanakemia Mjerumani aitwaye Keller alimeza asidi ya benzoiki kisha akachunguza mkojo wake mwenyewe. Alikuta kitu kingine, asidi ya hipuriki, ambacho mwili wake ulikuwa umekiunda. Ilichukua zaidi ya karne moja kuwapata wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1962 Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, walieleza juu ya protini yenye rangi iliyomo ndani ya seli za ini, ambayo ikikutanishwa na gesi ya kaboni monoksidi hufyonza mwanga wenye wimbi la nanomita 450. Waliiita saitokromu P450. Leo inajulikana kwamba hiyo ni familia nzima ya vimeng'enya: binadamu ana jeni 57 za kuvitengeneza, na vichache kati yake ndivyo vinavyobeba kazi kubwa ya dawa. Majina yao ni ya herufi na namba: CYP3A4, ambacho hushughulikia dawa nyingi kuliko vyote, CYP2D6, CYP2C9, CYP2C19, CYP1A2, CYP2B6.

Kwamba watu hawalingani katika kazi hii kulianza kuonekana kwenye wodi za kifua kikuu. Isoniazidi ilipoanza kutumika mwaka 1952, wagonjwa walimeza dozi ile ile lakini viwango vya dawa katika damu yao vikapishana sana. Wengine waliimaliza dawa haraka. Kwa wengine ilikaa na kujikusanya, wakaanza kupata ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo. Utafiti wa familia nyingi uliotolewa mwaka 1960 na David Price Evans na wenzake ulithibitisha kwamba tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Jeni yake sasa inaitwa NAT2. Kidonge kidogo cha vitamini B6 wanachopewa wagonjwa wengi wa TB pamoja na isoniazidi ni kinga dhidi ya ganzi hiyo.

Tukio mashuhuri zaidi lilitokea London mwaka 1975. Robert Smith, mwalimu wa famakolojia katika chuo cha tiba cha St Mary's, alimeza debrisokwini, dawa ya kushusha presha, pamoja na wenzake wa maabara. Wenzake waliendelea na kazi zao. Yeye alishikwa na kizunguzungu, presha yake ikaporomoka, na kwa saa kadhaa hakuweza kusimama. Mkojo ulipopimwa, wa wenzake ulikuwa umejaa dawa iliyokwisha kugeuzwa. Wa Smith ulikuwa na dawa yenyewe, karibu kama alivyoimeza. Ini lake lilikosa kimeng'enya ambacho baadaye kiliitwa CYP2D6. Smith na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1977, na ikaja kujulikana kwamba kati ya watu 100 wa Ulaya, 5 hadi 10 wako kama yeye.

Hesabu hizo za Ulaya ndizo zilizoingia vitabuni, na dozi nyingi zinazotumika duniani zilipangwa kwa kupima miili ya watu wa Ulaya na Marekani. Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya mtafiti wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Zimbabwe na kuendelea na utafiti katika Taasisi ya Karolinska nchini Sweden. Swali lake lilikuwa rahisi kulieleza: je, CYP2D6 cha Wazimbabwe ni kile kile cha vitabuni? Jibu alilolitoa na wenzake mwaka 1996 lilikuwa hapana. Walikuta aina ya jeni ambayo haikuwa imeelezwa kabla, wakaiita CYP2D6*17. Katika kila nakala 100 za jeni hiyo walizozipima kwa Wazimbabwe, nakala 34 zilikuwa za aina hiyo, ilhali kwa Wazungu haipatikani kwa urahisi. Kimeng'enya kinachotokana nayo kipo na kinafanya kazi, lakini kinaburuta miguu. Mtu mwenye nakala mbili za aina hiyo hawezi kuitwa amekosa kimeng'enya kama Smith, na hawezi pia kuhesabiwa sawa na wenzake Smith. Kipimo cha jeni kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu kingempita bila kumwona.

Mwaka huo huo wa 1996, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia, Eleni Aklillu, naye akiwa Karolinska, alitoa picha iliyo kinyume kabisa. Katika Waethiopia aliowapima, asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni ile ile ya CYP2D6, mbili au hata zaidi kwenye uzi mmoja wa kurithi. Miili yao inaimaliza dawa kwa kasi isiyo ya kawaida. Harare kimeng'enya kinakwenda polepole, Addis Ababa kinakimbia, na nchi zote mbili ziko Afrika. Tafiti hizi mbili zinatosha kuonyesha kwamba neno "Mwafrika" kwenye karatasi ya hospitali halimwambii daktari chochote cha maana kuhusu ini la mgonjwa. Bara hili lina tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote, na mtu anayetaka kujua hana budi kupima.

Kasi hiyo inaweza kuua. Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, yenyewe ni dhaifu. Hupata nguvu pale CYP2D6 kinapoigeuza sehemu yake kuwa mofini. Asiye na kimeng'enya hicho hamezi kitu cha kumsaidia. Mwenye nakala za ziada hutengeneza mofini nyingi kwa mara moja, na mofini ikizidi hupunguza kupumua. Watoto kadhaa waliopewa kodeini baada ya kuondolewa mafindofindo walikufa kwa njia hiyo, ndipo mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa onyo kali, na mwaka 2017 ikazuia kodeini kwa watoto wenye umri chini ya miaka 12.

Baada ya Karolinska, Masimirembwa alifanya kazi katika kampuni ya dawa ya AstraZeneca huko Sweden, kisha akarudi Harare na kuanzisha taasisi ya utafiti ijulikanayo kwa kifupi AiBST. Yeye na wenzake walikusanya sampuli zaidi ya 1,000 za vinasaba kutoka makabila tisa ya Afrika, wakiwemo Wakikuyu, Waluo na Wamasai wa Kenya, ili watafiti wawe na mahali pa kuanzia. Kazi iliyowagusa wagonjwa wengi zaidi, hata hivyo, ilihusu dawa moja ya UKIMWI: efavirenzi.

Kwa miaka mingi efavirenzi ilikuwa nguzo ya dawa za kufubaza virusi Afrika Mashariki na Kusini. Ilimezwa miligramu 600 usiku, kwa sababu wengi walizijua tabia zake: kizunguzungu, ndoto nzito zilizo kama kweli, kichwa kuwa chepesi asubuhi. Wengine walipata zaidi ya hayo, wakaona vitu visivyokuwepo au wakazama katika huzuni. Baadhi waliacha dawa kimyakimya, na virusi vikarudi. Wahudumu wengi waliwaambia wavumilie, kwani maudhi hayo hupungua baada ya wiki chache. Kwa wengi hupungua kweli. Kwa wengine hayapungui, na sababu yake iko kwenye kimeng'enya cha CYP2B6, ambacho ndicho hasa kinachoigeuza efavirenzi.

Kulipima jambo hili si kazi ya siri wala ya ajabu, ila inataka nidhamu. Mgonjwa aliyemeza kidonge saa 3 usiku hutolewa damu kesho yake asubuhi, kati ya saa 2 na saa 5, na muda kamili wa kumeza huandikwa. Damu huzungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zitulie chini na maji yake ya manjano yabaki juu. Maji hayo hugandishwa, kisha hupitishwa kwenye mtambo unaotenganisha kemikali moja moja na kusoma kiasi cha kila moja. Tone jingine hutolewa vinasaba, isomwe herufi moja tu katika jeni ya CYP2B6, mahali namba 516. Herufi hapo ni G kwa kawaida; ikiwa T, kimeng'enya kitakuwa haba. Kiwango kinachotakiwa cha efavirenzi ni miligramu 1 hadi 4 kwa lita. Chini ya 1, virusi vinaweza kupata upenyo. Juu ya 4, ubongo huanza kusumbuka.

Timu ya Harare ilifanya hivyo kwa wagonjwa 74 na kutoa matokeo mwaka 2008. Nusu ya wagonjwa walikuwa na kiwango kilichozidi 4. Karibu nusu ya nakala zote za jeni zilikuwa na ile herufi ya T, maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya wanne au watano ameirithi kwa baba na kwa mama. Kwa watu hao miligramu 600 zilikuwa dozi kubwa kupita kiasi, na watafiti walipendekeza wapunguziwe kwa kama theluthi moja. Malalamiko yaliyokuwa yakiambiwa "vumilia" yalikuwa na kipimo chake kwenye damu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Ethiopia na Karolinska, waliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliokuwa wakimeza dozi ile ile. Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi kwenye damu, na tofauti ilibaki hata walipolinganishwa watu wenye aina moja ya jeni. Kwa hiyo jeni moja haisemi yote. Chakula, uzito, dawa nyingine na jeni ambazo hazijapimwa navyo vina sehemu yake.

Umri nao una sehemu yake. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hasa katika ile hatua ya kufunga asidi ya sukari. Mwaka 1959 ilielezwa jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli kwa dozi iliyokadiriwa kwa uzito peke yake walivyovimba tumbo, wakabadilika rangi kuwa kijivu na wengi wao wakafa, kwa kuwa dawa ilijikusanya mwilini. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa uzito.

Jambo la dozi ya efavirenzi lilikuja kumalizwa kwa jaribio kubwa la nchi nyingi liitwalo ENCORE1, ambalo matokeo yake ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600. Shirika la Afya Duniani baadaye liliingiza dozi hiyo ndogo katika miongozo yake. Lakini kufikia hapo dawa nyingine, dolutegraviri, ilikuwa imeshaanza kuchukua nafasi. Kenya iliipokea mwaka 2017, na mwaka 2019 shirika hilo liliipendekeza kama chaguo la kwanza. Dolutegraviri hugeuzwa kwa njia nyingine isiyotegemea CYP2B6, na wagonjwa wengi wameshaondoka kwenye efavirenzi. Kwa watu waliokwishapata mateso, jibu lilichelewa, na hilo halina budi kusemwa.

Vimeng'enya havitawaliwi na jeni tu. Dawa moja inaweza kukizuia kimeng'enya au kukichochea, na ya pili ikaumia. Hata tunda linaweza. Mkanada David Bailey alikuwa akichunguza kama pombe inabadilisha nguvu ya felodipini, dawa ya presha, akatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe hiyo. Viwango vya dawa vilipanda mara kadhaa, na kosa halikuwa la pombe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba chanzo ni balungi, na baadaye ikajulikana kwamba tunda hilo huzuia CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo, na utumbo huhitaji siku moja au zaidi kutengeneza kingine. Anayetumia felodipini au simvastatini, kwa hiyo, hafai kudhani kwamba kula balungi asubuhi na kumeza dawa jioni kutamwepusha.

Uchocheaji ndio wenye madhara makubwa zaidi kwa Afrika Mashariki, kwa sababu mchocheaji mkuu ni rifampisini, dawa ile ile ya TB inayoupaka mkojo rangi ya chungwa. Huziamsha jeni za vimeng'enya, hasa CYP3A4, na katika wiki moja au mbili ini hugeuka kiwanda chenye wafanyakazi wengi kuliko kazi. Dawa nyingine zinazopita hapo huisha kabla ya muda wake. Ndiyo maana mgonjwa wa TB anayetumia dolutegraviri hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Rifampisini ikiisha, ini huhitaji takriban wiki mbili kurudi katika hali yake.

Efavirenzi nayo huchochea, ingawa kwa nguvu ndogo. Hushusha kiwango cha lumefantrini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria. Madhara yake kwa uzazi wa mpango yalionekana wazi nchini Uganda: katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, wanawake 20 waliokuwa kwenye efavirenzi waliwekewa kijiti cha levonojestreli, ambacho hutarajiwa kumkinga mwanamke kwa miaka. Kiwango cha homoni katika damu yao kilikuwa kama nusu ya kile cha wanawake wasiotumia dawa za kufubaza virusi, na kabla ya mwaka kwisha watatu kati yao walikuwa wameshika mimba. Kijiti kilikuwa kizima mkononi na hakikuwa na kasoro. Ini ndilo lililokuwa likiimaliza homoni yake upesi. Kitanzi cha shaba hakitumii homoni, kwa hiyo hakiguswi na jambo hili.

Mgonjwa anayeulizwa hospitalini dawa anazotumia kwa kawaida hutaja vidonge. Kijiti kilichoko chini ya ngozi, sindano ya miezi mitatu, dawa ya kikohozi ya dukani na mizizi iliyochemshwa nyumbani husahaulika kwa urahisi, na vyote hupita kwenye ini lile lile. Anayeanza dawa za TB au za kufubaza virusi avitaje vyote siku ya kwanza, na kama hakuulizwa, aseme mwenyewe.